Je, Ushindi ni Hukumu ya Mungu?



Mtu mwenye cheo akianguka, mitaani kwetu watu hawachelewi: malipo ni hapa hapa duniani. Hawangoji kesi iishe wala daktari atoe majibu. Yule aliyewapora wajane viwanja amepooza upande mmoja, basi imetosha, Mungu amejibu. Kwa upande mwingine yupo aliyeshinda uchaguzi. Jumapili ya kwanza yumo kanisani, kiti cha mbele, anatoa shukrani, na akipewa kipaza sauti anatukumbusha kwamba madaraka hutoka kwa Mungu. Wote hao wanapiga hesabu moja: angalia nani yuko juu na nani yuko chini, utajua Mungu ameamua nini.

Hesabu hiyo ni ya kale. Leo nataka tuone Wakristo wa karne ya nne na ya tano walivyoipiga, walipolazimika kwa mara ya kwanza kufikiri kwa makini juu ya dola, haki na maongozi ya Mungu. Waliipiga kwa ustadi, wakaiamini kabisa, halafu ikawaharibikia mikononi.

Twende kwanza Nicomedia, mji unaoitwa leo İzmit, nchini Uturuki. Kaisari Diocletianus alikuwa ameufanya makao yake, na akamwita huko mwalimu wa ufasaha wa Kilatini aitwaye Lactantius, mwenyeji wa Afrika ya Kaskazini. Kazi haikumwendea vizuri. Mji ulikuwa wa Wagiriki, wanafunzi wa Kilatini wakawa haba, akaanza kuandika vitabu. Alikuwa pia Mkristo, na yaliyotokea tarehe 23 Februari mwaka 303 alikuja kuyaandika mwenyewe.

Alfajiri askari waliuvunja mlango wa kanisa. Waliyachoma Maandiko waliyoyakuta, wakapora vilivyobaki. Kanisa lilikuwa mahali pa juu, linaonekana kutoka kwenye jumba la kifalme, na huko Diocletianus na msaidizi wake Galerius walisimama wakibishana. Galerius alitaka lichomwe. Diocletianus akakataa, kwa sababu lilizungukwa na majumba makubwa na moto ungeweza kuuteketeza mji. Basi wakaletwa walinzi wenye mashoka, na kwa muda wa saa chache jengo likawa sawa na ardhi. Kesho yake amri dhidi ya Wakristo ikabandikwa hadharani. Mtu mmoja akaibandua na kuichana, naye akachomwa moto hai.

Mateso hayo yalidumu miaka. Kisha Galerius, aliyekuwa amepanda na kuwa Kaisari mkuu wa mashariki, akaugua. Lactantius anaueleza ugonjwa wake kwa kirefu: donda sehemu za siri, waganga wanaokata na kufunga bila mafanikio, funza, harufu iliyojaa jumba zima na kutoka nje mpaka mjini. Anasimulia kwa raha ambayo, kusema kweli, inatia haya kidogo kuisoma. Mwaka 311 Galerius akiwa kitandani alitoa amri ya kuwaachia Wakristo waabudu, na ndani yake akawataka wamwombee kwa Mungu wao. Tarehe 30 Aprili ilibandikwa Nicomedia. Baada ya siku chache akafa.

Lactantius akaandika kitabu juu ya vifo vya watesaji. Anaanza na Nero na kuteremka mpaka zama zake, na kila aliyewaua watu wa Mungu anamwonyesha alivyokufa vibaya. Aliye juu mngoje chini, kwa Kilatini safi. Tusimcheke. Mtu aliyeona kanisa lake likibomolewa na wenzake wakichomwa ana haki ya kuuliza kama Mungu ameona, na jibu lake lilikuwa kwamba Mungu ameona, na hajakawia.

Tena Lactantius huyo huyo aliandika kitabu kikubwa zaidi juu ya misingi ya dini, na sehemu yake ya tano inahusu haki. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo alipofikia kilele chake. Anasema haki ina chemchemi mbili, uchaji wa Mungu na usawa, na kwamba Warumi na Wagiriki hawakuweza kuwa na haki kwa sababu jamii zao zilikuwa ngazi tupu, tangu maskini hadi tajiri, tangu mnyonge hadi mfalme. Watu wasipokuwa sawa, anasema, usawa haupo, na usawa usipokuwapo haki nayo haipo. Mbele ya Mungu hakuna mtumwa wala bwana. Maneno hayo yaliandikwa katika dola iliyojengwa juu ya migongo ya watumwa. Laiti wafuasi wake wangeishika sehemu hiyo kama walivyoshika ile ya funza.

Walishika ya funza, na sababu ilikuwa vita. Tarehe 28 Oktoba mwaka 312, kwenye daraja la Milvio nje ya Roma, Konstantino alimshinda Maxentius, mpinzani wake katika kugombea kiti cha Kaisari, na Maxentius akazama katika mto Tiber. Konstantino alikuwa amejiweka upande wa Mungu wa Wakristo. Mwaka uliofuata Wakristo wakarudishiwa makanisa yao. Kwa waliotoka gerezani jana, huo ulikuwa mkono wa Mungu wazi kabisa.

Mwaka 336 Konstantino alipoadhimisha miaka 30 ya utawala, askofu Eusebius wa Kaisaria alihutubu mbele yake huko Constantinople. Mbinguni, alisema, kuna Mungu mmoja, na duniani kuna Kaisari mmoja anayetawala kwa mfano wake. Wingi wa wafalme ulikwenda pamoja na wingi wa miungu, na vyote viwili vimekwisha. Hesabu ya Lactantius imegeuzwa hapo pasipo mtu kushtuka. Ilikuwa inaeleza kwa nini mbaya ameanguka, sasa inamdhamini aliyekaa kitini. Na aliyedhaminiwa na Mungu, nani atamuuliza maswali?

Maswali yalikuwepo. Konstantino alikuwa amempa Lactantius, uzeeni, kazi ya kumfundisha mwanawe wa kwanza, Crispus, huko Gaul. Kijana akakua, akawa jemadari, akashinda vita vya majini dhidi ya Licinius, mpinzani wa baba yake, mwaka 324. Mwaka 326 akauawa kwa amri ya baba yake. Kwa nini, watu wa kale wenyewe hawapatani. Eusebius aliandika kitabu kizima juu ya maisha ya Konstantino, na juu ya kifo hicho hakuna hata neno.

Hivyo ndivyo hesabu hiyo ya ushindi ilivyoingia karne ya tano, ikiwa na afya njema. Ulimwengu umekuwa wa Kikristo, dola imebarikiwa, kafara kwa miungu ya zamani zimepigwa marufuku na Kaisari Theodosius. Halafu tarehe 24 Agosti mwaka 410 Wagothi wa Alaric wakaingia Roma, wakapora kwa siku tatu.

Sasa nani amehukumiwa?

Wafuasi wa miungu ya zamani walikuwa na jibu tayari. Tulipoitolea miungu yetu kafara, mji haukuguswa. Mmetuletea Kristo wenu, na tazameni. Walikuwa wanapiga hesabu ile ile waliyoipiga kina Lactantius, ila safari hii majibu yaliwaangukia Wakristo. Na wala haikuwa mara ya kwanza. Zaidi ya miaka 200 nyuma, mwandishi Mkristo Tertullianus wa Karthago alishalalamika kwamba mto Tiber ukifurika, Nile usipofurika, njaa ikija au tauni, watu hawana neno isipokuwa kuwatupa Wakristo kwa simba.

Wakimbizi walivuka bahari kwenda Afrika, wengi wao matajiri wenye mashamba huko. Augustino, askofu wa Hippo, mji uitwao leo Annaba nchini Algeria, anasema kwa uchungu kwamba wengine walipofika tu Karthago, kila siku walikuwa kwenye majumba ya michezo wakishangilia waigizaji. Dunia nzima inaombolezea Roma, Warumi wenyewe wanatafuta viti. Lakini miongoni mwao walikuwamo wasomi wenye maswali mazito, na mtu aliyeyakusanya na kumpelekea Augustino alikuwa ofisa wa Kaisari aitwaye Marcellinus. Ndiye aliyemsukuma aandike. Mwaka 413 Augustino akaanza kuandika Mji wa Mungu, na jina la Marcellinus limo katika sentensi ya kwanza kabisa. Kazi ilimchukua zaidi ya miaka 10 ikafika vitabu 22.

Jibu rahisi lilikuwepo, na Augustino alilitumia kwanza: hata enzi za miungu yenu Roma ilichomwa na Wagauli, iliuana yenyewe kwa yenyewe, ilikumbwa na tauni. Mwanafunzi wake Orosius, padri kutoka Hispania, alitandaza jibu hilo katika vitabu saba akahesabu maafa yote ya zamani, na hakutoka nje ya hesabu ile ya kale hata hatua moja. Bado alikuwa anaonyesha kwamba baada ya Kristo mambo ni nafuu.

Augustino aliondoka hapo. Hoja yake ni kwamba mema ya dunia hii na mabaya yake Mungu huwapa wema na waovu kwa mchanganyiko, na hufanya hivyo kwa makusudi. Kama kila mwovu angeadhibiwa papo hapo, tusingetazamia hukumu ya mwisho. Kama hakuna ambaye angeadhibiwa, tungesema Mungu hayupo kazini. Kama kila mwema angepewa anachoomba, watu wangemtumikia Mungu kwa ajili ya mshahara. Mungu si Athumani, wangesema wazee wa pwani. Lakini Augustino anakwenda mbele zaidi: haiwezekani kumsoma Mungu kwa kutazama matokeo ya vita.

Kisha anafanya jambo la kijasiri, nalo limo mwishoni mwa kitabu cha tano. Anakubali kwamba Konstantino alibarikiwa, alitawala miaka mingi, alishinda vita, alijenga mji, alirithisha wanawe. Halafu anasema, ili Kaisari yeyote asije akawa Mkristo kwa kutaka bahati ya Konstantino, Mungu alimwondoa Jovianus upesi kuliko Julianus. Julianus, msikilizaji, ndiye Kaisari aliyeuacha Ukristo na kurudi kwenye miungu; alitawala peke yake mwaka mmoja na nusu hivi. Jovianus alikuwa Mkristo, akamrithi mwaka 363, akafa baada ya miezi minane. Gratianus naye, Mkristo mwema, aliuawa mwaka 383 na watu wa mnyang'anyi wa kiti. Ukiweka majina hayo matatu mezani, hotuba ya Eusebius haina pa kusimama.

Basi Kaisari mwema ni yupi? Wa Augustino ni yule anayetawala kwa haki, asiyevimbishwa na sifa za wanaomzunguka, mzito wa kuadhibu, mwepesi wa kusamehe. Urefu wa utawala na ushindi havimo katika kipimo hicho, maana vyote wamewahi kupewa hata wasiomjua Mungu. Na katika kitabu cha nne ameshauliza falme bila haki ni nini, akajibu kwamba ni ujambazi uliopanuka. Hapo anakumbusha kisa kilichokuwa kimesimuliwa na Cicero, cha haramia aliyekamatwa na Aleksanda na kuulizwa kwa nini anaisumbua bahari. Haramia akamjibu kwamba tofauti yao ni idadi ya vyombo tu: mwenye jahazi moja huitwa haramia, mwenye kundi la merikebu huitwa mfalme.

Msidhani Augustino alijitoa kabisa katika mtego. Anapomsifu Theodosius anataja jinsi alivyofanya toba hadharani baada ya askari wake kuwaua watu wa Thessalonica mwaka 390, na hilo ndilo analolisifu kuliko yote. Vizuri. Lakini hapo hapo anataja pia ule upepo uliovuma mwaka 394 kwenye mto Frigidus na kurudisha mikuki ya maadui usoni mwao. Upepo wa ushindi. Hata yeye ulimshinda kuuacha.

Sasa turudi kwa Marcellinus, kwa sababu mafundisho haya yalimfikia katika mwili wake. Mwaka 411 aliongoza Karthago shauri kubwa kati ya maaskofu Wakatoliki na Wadonati, kanisa lililojitenga Afrika kwa takriban miaka 100. Zaidi ya maaskofu 500 walihudhuria, na Marcellinus akaamua Wakatoliki ndio wenye haki. Baadaye waliletwa mbele yake Wadonati waliomuua padri mmoja na kumng'oa mwingine jicho na kumkata kidole. Augustino alimwandikia akimsihi asiwaue, na akamsifu kwamba katika kuwahoji alitumia fimbo tu, hakutumia moto wala vyombo vya kunyoosha viungo. Kwa viwango vya mahakama za Kirumi, huyo alikuwa hakimu mpole.

Mwaka 413 jemadari wa Afrika, Heraclianus, aliasi, akavuka kwenda Italia na jeshi, akashindwa, akauawa. Akatumwa jemadari Marinus kuwasafisha walioshukiwa kuwa waasi. Marcellinus na ndugu yake Apringius, aliyekuwa liwali wa Afrika, wakatiwa mbaroni. Maaskofu walituma mwenzao kwa Kaisari kuomba huruma, na Marinus mwenyewe aliwatia moyo wafanye hivyo. Augustino alikwenda gerezani. Katika barua aliyoandika baadaye anasimulia mazungumzo aliyohadithiwa na Marcellinus. Apringius alimwambia nduguye: mimi napata haya kwa dhambi zangu, lakini wewe, ambaye tunayajua maisha yako, kwa nini? Marcellinus akamjibu kwamba, hata ikiwa maisha yake ni hayo, si zawadi ndogo kwa Mungu kumlipisha dhambi zake hapa, asije akazikuta siku ya hukumu.

Augustino akaingiwa na wasiwasi. Labda kijana huyu ana jambo analolificha, dhambi ya mwili inayohitaji toba kubwa. Akamuuliza kwa siri, wakiwa wawili peke yao. Marcellinus akaona haya, akatabasamu, akaushika mkono wa kuume wa askofu kwa mikono yake yote miwili, akaapa kwa sakramenti ambazo mkono huo humpa kwamba hajawahi kumjua mwanamke mwingine zaidi ya mkewe, kabla ya ndoa wala baada yake.

Tazama swali la askofu. Mwandishi wa Mji wa Mungu, mtu anayefundisha kwamba mateso hayamtambulishi mwovu, yuko mbele ya mfungwa asiye na hatia, naye anatafuta dhambi. Kufikiri ni jambo moja, kukaa na mtu gerezani ni jingine. Tarehe 13 Septemba, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Cyprian, huku maaskofu wakisubiri jibu la Kaisari, ndugu hao wawili walitolewa wakakatwa vichwa. Augustino akaondoka Karthago mara moja. Mwaka uliofuata Kaisari Honorius alitoa amri ya kuthibitisha maamuzi ya Marcellinus na kumtaja kwa heshima. Haikumsaidia mjane.

Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha 19 cha Mji wa Mungu, Augustino anamchora hakimu anayetesa watu ili apate ukweli asioweza kuuona. Anamtesa mshtakiwa ili asije akamuua asiye na hatia, na mshtakiwa, kwa kuchoka kuteswa, anakiri asilolifanya, anauawa, na hakimu habaki na ukweli wowote. Je, mwenye hekima atakaa kwenye kiti hicho? Atakaa, anasema Augustino, maana jamii ina madai yake juu yake. Lakini asijiite mwenye heri. Amlilie Mungu amwokoe na lazima hizo. Sijasoma mahali pengine maelezo machungu kama hayo juu ya kazi ya hakimu, na siwezi kuyasoma bila kumkumbuka Marcellinus.

Kuna doa ambalo haifai kulifunika. Kuhusu Wadonati, Augustino mwanzoni alipinga watu kushurutishwa kwa sheria za Kaisari. Mwaka 408 hivi anaeleza kwa nini alibadili msimamo: wenzake walimwonyesha miji iliyorudi Ukatoliki kwa hofu ya sheria hizo, ukiwemo mji alikozaliwa. Yaani matokeo yalimshawishi. Sheria zimefanikiwa, kwa hiyo Mungu anazitumia. Miaka mitano baadaye akaanza kuandika kitabu kinachobomoa hoja ya namna hiyo hasa, na hakuiondoa pale alipokuwa ameiegemea. Karne zilizofuata zilikuja kumnukuu sana pale alipokosea.

Augustino alifariki tarehe 28 Agosti mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake. Karthago ikaanguka mwaka 439. Katika miaka ya 440 padri wa Marseille, Salvianus, akaandika kitabu juu ya utawala wa Mungu, na kwa mshangao wangu alirudi moja kwa moja kwa Lactantius: walioanguka wamehukumiwa. Ila kizimbani aliwaweka watu wake mwenyewe. Tumeshindwa, anasema, kwa sababu sisi Warumi, sisi Wakristo, tunawanyonga maskini kwa kodi. Matajiri wanapanga viwango, wadogo wanalipa, na punguzo likija linawaangukia matajiri. Ndiyo maana raia wanakimbilia kwa Wagothi, wakavumilie harufu na lugha ngeni huko kuliko kudhulumiwa kwao. Anausimulia mji wa Trier, ulioporwa mara kwa mara, maiti uchi zikiwa bado zimelala nje, na wakuu wachache waliosalia wakamwomba Kaisari awaletee mashindano ya magari ya farasi.

Kama hoja ya kodi, ni andiko zito kuliko yote niliyotaja leo. Kama hoja ya maongozi ya Mungu, lina shida yake. Ili hesabu itoke sawa, Salvianus alihitaji washindi wawe na wema wao, basi akawasifu Wavandali kwa kuingia Karthago na kuuondolea mji ukahaba. Alikuwa Marseille, ng'ambo ya bahari. Quodvultdeus, askofu wa Karthago, alikuwapo. Wavandali hao walimnyang'anya kila kitu, wakampakia pamoja na mapadri wake kwenye merikebu mbovu, wakaisukuma baharini. Ikafika Naples.